Shimo la ngazi ya pili: shajara ya udongo wa silti juu ya ufuo wa kale

Wiki ya 1, Jumatatu

Shimo limefika sentimita 90 na hatujagonga jiwe hata moja. Asubuhi mwenzangu alikuwa akiuliza tutafika chini saa ngapi. Mchana akaanza kuuliza udongo wote huu tutaurudishaje. Tuko kwenye ngazi ya pili kutoka baharini, mteremko wa asilimia 3, majani mafupi, na upepo wa chumvi unatupiga usoni tangu tulipofika.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuwa na mimi hapa: ngazi ni tambarare iliyokuwa sakafu ya bahari karibu na ufuo. Mawimbi hukata mwamba ukawa bapa, kisha ardhi ikainuka au bahari ikashuka, bapa likabaki juu, kavu. Bahari ikitulia tena chini, inakata bapa jingine. Ndiyo maana ukitazama kutoka majini unaona vidato, na cha juu ndicho kikongwe. Vidato mashuhuri kuliko vyote kwa watu wa udongo viko Mendocino, California: ngazi tano, kila moja juu ya mwenzake kwa mita 30 hivi, na kila moja ikikadiriwa kumzidi wa chini yake umri kwa miaka kama 100,000. Hans Jenny, mwanasayansi wa udongo, alizitumia kuonyesha kazi ya muda. Mvua ni moja, bahari ni moja, lakini juu kabisa udongo umechujwa na kuchoka kiasi kwamba misonobari yenye makumi ya miaka inamfikia mtu kifuani tu.

Ngazi yetu haina umaarufu huo. Kilichotuleta ni kwamba keekee ya udongo ilizama mita nzima bila kukwaruza chochote, na kila kilichotoka kilikuwa laini kama unga. Kazi niliyojipa ni kuupima udongo huu, kisha kuupa jina katika mifumo miwili: ule wa Marekani, uliochapishwa kwanza 1975, na ule wa kimataifa uitwao WRB, ambao toleo lake la nne ni la 2022. Wiki nane zinatosha, nadhani.

Wiki ya 1, Jumatano

Tumesimama kwenye sentimita 160. Ukuta wa upande wa bahari ulimeguka kipande cha ukubwa wa mto wa kulalia bila kutoa sauti yoyote. Udongo wa mfinyanzi hukuonya kwa ufa na mchanga huanza kumwagika kidogo kidogo, lakini silti inasimama wima kama ukuta wa nyumba halafu inaanguka. Tumepanua shimo upande mmoja, tukakata ngazi za kupandia, na nikaamua 160 yatosha. (Hayakutosha. Tutafika huko.)

Leo ilikuwa siku ya vidole. Silti ni chembe zilizo kati ya mchanga na mfinyanzi: kwa Wamarekani ni kati ya milimita 0.002 na 0.05, kwa WRB mpaka wa juu ni 0.063. Kwa mkono hutaziona hizo namba. Unachukua udongo wa kujaza kiganja, unaulowesha, unaukanda mpaka mabonge yote yafe, kisha unausukuma kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Mchanga unakwaruza. Mfinyanzi unanata na utepe wake ni mrefu, unang'aa. Huu wetu unateleza kama sabuni iliyokauka kidogo, haunati sana, na utepe unakatika kabla ya sentimita 2 na nusu. Chini ya sentimita 70 utepe unarefuka na kidole kinaanza kung'ang'aniwa.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wa kazi hii hukifanya wakiwa wamegeuka upande: unaweka punje kidogo katikati ya meno ya mbele. Mfinyanzi safi ni kama siagi. Silti inasaga. Nimesaga tabaka zote, nikatema, nikaandika: juu mfinyanzi asilimia 20 hivi, chini 25 au zaidi kidogo, mchanga mdogo sana kote.

Rangi nimezisoma jioni, jua likiwa limeinama, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilitaka kufunga kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi vya kulinganisha na udongo, kabla hakijalowa. Namba iliyo kabla ya mkwaju ikiwa ndogo, rangi ni nyeusi zaidi. Tabaka la kwanza 10YR 3/2. La pili 10YR 4/3. Dakika kumi kwa shimo zima. Nikafunika kwa turubai tukaondoka.

Wiki ya 2

Sampuli zimekaushwa kwa hewa, zimepondwa kwa kinu cha mbao na kuchekechwa kwenye chekeche ya milimita 2. Hakuna kilichobaki juu ya chekeche isipokuwa mizizi. Zimepelekwa maabara.

Wiki ya 3, Jumanne

Majibu yamefika na nimekasirika. Mfinyanzi: asilimia 9 juu, 11 kwenye tabaka lile linalong'ang'ania kidole. Silti 80 na zaidi. Vidole vyangu si haidromita, kile kifaa cha kupimia mfinyanzi ndani ya maji, lakini havikosei kwa zaidi ya nusu.

Nimepiga simu. Fundi alikuwa mpole, akasema, "Ndugu, kipimo hakidanganyi." Nikamwomba niende nitazame kikifanyika.

Wiki ya 3, Alhamisi

Nimekaa mbele ya silinda za lita moja tangu saa mbili asubuhi. Kanuni ya kazi hii inatokana na mwanafizikia Stokes, 1851: chembe kubwa huzama haraka, ndogo huzama polepole, na kwa chembe duara unaweza kukokotoa muda. Maji yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi, punje ya milimita 0.05 inashuka sentimita 10 kwa sekunde 45 hivi. Ya milimita 0.002 inahitaji karibu saa nane. Kwa hiyo silinda yenye mfinyanzi wa kweli hubaki na rangi ya chai ya maziwa mpaka jioni.

Silinda yangu ilianza kuwa nyeupe juu baada ya dakika 20. Niliinama nikatazama kwa ubavu kupitia kioo. Vijiwingu vya kahawia vilikuwa vikishuka pamoja, vimeshikana, kama maziwa yaliyokatika. Ule ulikuwa mfinyanzi: chembe zake zimegandana, zinazama kwa mwendo wa silti, na haidromita inazihesabu kuwa silti.

Chanzo tulikiona kwenye rafu. Chupa ya dawa ya kutawanyisha, sodiamu heksametafosfati, ilichanganywa na maji miezi mingi nyuma. Ikikaa majini hugeuka taratibu kuwa fosfati ya kawaida na nguvu ya kutawanya inakwenda zake. Juu ya hapo, mboji haikuwa imechomwa kwanza kwa haidrojeni peroksaidi, na mboji ndiyo gundi yenyewe. Fundi hakubisha. Alimwaga chupa kwenye sinki, akapima dawa mpya mbele yangu, na tukaanza upya na sampuli zote saba pamoja. Tabaka la juu lilitoa povu na peroksaidi mpaka usiku.

Nasema haya bila lawama. Chupa ya namna hiyo nimewahi kuwa nayo mimi pia.

Wiki ya 4

Majibu mapya. Nayaandika yote hapa, kwa asilimia, mfinyanzi kwanza, kisha silti, kisha mchanga (A ni tabaka za juu zenye mboji, Bt za chini zenye mfinyanzi zaidi, AB na BC za mpito):

A1, sentimita 0–22: 18, 70, 12.
A2, 22–45: 20, 69, 11.
AB, 45–68: 22, 67, 11.
Bt1, 68–105: 26, 64, 10.
Bt2, 105–140: 26, 63, 11.
BC, 140–160 na kuendelea: 21, 66, 13.

(Sampuli ya saba ilikuwa rudio la Bt1 kwa siri. Ilitoka 26. Sasa namwamini fundi kuliko ninavyojiamini.)

Hapa ndipo mradi unapopata swali lake. Mfinyanzi unaongezeka kutoka 20 hadi 26 tukishuka, halafu unapungua. Je, umehama, au ulizaliwa hivyo? Maji ya mvua yanaweza kubeba chembe laini za mfinyanzi kutoka juu na kuziweka chini, na hilo likitokea tabaka lile lina jina la heshima: arjiliki kwa Wamarekani, arjiki kwa WRB. Lakini ngazi ya pwani ni mahali pa udanganyifu. Bahari, mito na upepo vyote vimewahi kutupa mzigo hapa kwa zamu, na tabaka lenye mfinyanzi zaidi linaweza kuwa tope la mwaka mwingine tu, lililokuja tofauti na kukaa tofauti.

Njia ya kuuliza swali hili kwa namba ni kuutoa mfinyanzi kwenye hesabu. Silti na mchanga havihami kirahisi, kwa hiyo uwiano wao ni kama kitambulisho cha mzigo wa asili. Nimegawa silti kwa jumla ya silti na mchanga: 0.85, 0.86, 0.86, 0.86, 0.85, 0.84. Mstari umenyooka. Kuanzia juu mpaka 160 huu ni mzigo mmoja, na mfinyanzi umeongezeka ndani yake.

Mzigo huo ulitoka wapi, nina maoni. Wakati wa baridi kuu ya mwisho, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na sakafu pana ya kina kifupi ilibaki wazi kwa upepo. Silti ndiyo punje ambayo upepo huipenda: ndogo ya kubebeka, kubwa ya kutogandana. Usawa wa uwiano wangu unaelekea huko, na ukosefu wa kokoto pia. Vilima vya nyuma navyo vingeweza kumwaga tope la namna hii. Kwa sasa nimeandika "upepo" kwa penseli.

Wiki ya 5, Jumatatu

Nimerudi shimoni kutafuta utando. Mfinyanzi uliohama huacha alama: hupaka kuta za matundu ya mizizi ya zamani na nyuso za mabonge, tabaka juu ya tabaka, kama nta. Silti inafanya kazi hii kuwa ngumu, kwa sababu bonge la silti likikandamizwa na mwiko linang'aa lenyewe, na macho yenye hamu huona utando popote.

Kwa hiyo sikukata; nilivunja kwa mkono. Bonge la ukubwa wa ngumi kutoka sentimita 80, nimelipasua likafunguka kwenye ufa wake wa asili, nikaliacha likauke kidogo kivulini. Chini ya lenzi ya mara kumi, uso wa ufa ulikuwa na ngozi ya kahawia-nyekundu, 7.5YR 4/4, huku ndani ya bonge rangi ikiwa 10YR 5/4. Ncha ya sindano ilibandua ngozi ile kama ganda la rangi ya mlango. Ndani ya tundu moja la mzizi ngozi ilikuwa nene zaidi, yenye mistari ya mtiririko kuelekea chini. Nimevunja mabonge ishirini kutoka Bt1. Kumi na nne yana ngozi kwenye uso mmoja au zaidi. Kutoka AB, mawili. Kutoka A2, hakuna.

Umehama.

Wiki ya 5, Ijumaa

Ugomvi wa mifumo umeanza. Kwa Marekani, pale ambapo tabaka la juu lina mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 40, la chini linatakiwa kuwa na walau mara 1.2 yake, na ongezeko litimie ndani ya sentimita 30. A2 ina 20, Bt1 ina 26: mara 1.3. Kati yao AB ina unene wa sentimita 23. Limepita, na utando upo. Ni arjiliki.

WRB ilitumia 1.2 ile ile mpaka toleo la 2006. Toleo la 2014 lilipandisha kiwango kuwa 1.4, na la 2022 likakiacha hapo. Sisi tuna 1.3. Kwa uwiano peke yake tumeanguka. Kinachotuokoa ni kwamba WRB inakubali ushahidi wa utando wenyewe kama njia ya pili, hivyo zile ngozi za Jumatatu ndizo zinazobeba tabaka zima.

Mwenzangu aliuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje udongo mmoja upite mlango huu na kubanwa kwenye ule. Nilimjibu kwamba hakuna mpaka huko chini. Mpaka ni wetu, tuliuchora mezani. Akasema basi tungeuchora mahali pamoja. Sikuwa na jibu.

Wiki ya 6, Jumanne

Kosa langu la 160 limenifikia.

Ukishakuwa na arjiliki, mfumo wa Marekani unauliza udongo una besi kiasi gani kule ndani kabisa. Besi hapa ni kalisi, magnesi, potasiamu na sodiamu zilizoshikwa na chembe, dhidi ya uchachu unaoshika nafasi zilizobaki. Zikiwa chini ya asilimia 35 ni Ultisoli, udongo uliochujwa. Zikifika 35 na zaidi, kwa kawaida ni Alfisoli, ndugu yake mwenye akiba. Na mahali pa kupima pamewekwa: sentimita 125 chini ya kichwa cha arjiliki, au sentimita 180 kutoka juu, pale palipo karibu zaidi na uso. Arjiliki yetu inaanza 68. Ukijumlisha ni 193. Kwa hiyo 180. Sina sampuli ya 180, kwa sababu nilichoka kwenye 160.

Wiki ya 6, Jumatano

Tumeshuka na keekee kutoka sakafu ya shimo. Sentimita kumi laini, kama kawaida. Kwenye 172 mkono ulishtuka: krrr. Tukaipandisha, na kwenye mdomo wake kulikuwa na kokoto moja ya kijivu, duara, laini kama yai la njiwa.

Tuliacha keekee tukashuka na mtalimbo na mikono. Chini ya 172 ni mchanga wa manjano na kokoto za mviringo, zote zimelala ubavu, zikiinamia upande mmoja. Mwenzangu alichukua moja akaisugua kwenye suruali, akainusa, akacheka. Ulikuwa ufuo. Tulikuwa tumesimama wima, vichwa vikiwa chini ya majani, miguu kwenye ufuo ambao hakuna wimbi lililougusa tangu bahari ilipoondoka.

Matone ya asidi hidrokloriki hayakutoa povu popote. Kama makombe yaliwahi kuwamo, yameyeyuka zamani. Kuanzia sasa tabaka hili ni 2C, ile 2 mbele ikimaanisha mzigo mwingine, na BC inaishia 172. Sampuli ya 180 imeingia mfukoni.

Wiki ya 7

Kemia, kwa haraka, kwa kuwa nyingi ilitoka kama ilivyotarajiwa. pH ya maji: 5.4 juu, 5.0 kwenye Bt1, 5.1 chini. Kaboni ya mboji: asilimia 2.6, 1.5, 0.7, na 0.45 kwenye Bt1. Kwenye 180, besi ni sentimoli 1.6 kwa kilo, uchachu uliopimwa kwenye pH 8.2 ni 3.9, besi ni asilimia 29. Ultisoli.

Kimoja kilinifurahisha. Katika tabaka mbili za juu magnesi inaizidi kalisi, kinyume cha udongo mwingi wa bara. Maji ya bahari yana magnesi gramu 1.3 hivi kwa kilo na kalisi gramu 0.4 tu, na ule upepo unaotupiga usoni hauji mikono mitupu. Sodiamu ipo, lakini ni kidogo. Mvua inaifua kila msimu.

Kwenye Bt1 alumini inayobadilishika ni 3.8 na besi zote pamoja 3.0. Alumini imeshinda. Kwa WRB hilo linaelekeza kwenye Alisoli, udongo wenye arjiki na alumini nyingi, kwa kuwa mfinyanzi wenyewe bado una nguvu ya kushika kationi, yaani chembe zenye chaji chanya kama hizo besi. Nikaanza kuandika jina kwa wino.

Wiki ya 7, Jumamosi

Kabla ya jina, mwenendo wa udongo wenyewe, maana jina halimsaidii mtu mvua inaponyesha.

Bonge kavu la A1 na bonge kavu la BC kwenye bakuli mbili za maji. La A1 lilitoa mapovu, likapasuka vipande viwili, likakaa hivyo. La BC lilianza kumomonyoka kando baada ya sekunde chache, na kabla sijamaliza kuandika sentensi lilikuwa chungu la tope lenye kilele. Udongo mmoja, uwiano wa silti unaokaribiana, tofauti kubwa ni mboji. Kwa hiyo mtu akikwangua tabaka la juu hapa, ataacha kitu ambacho tone la mvua linakipasua na kukipaka kuwa ganda gumu, na maji yatateremka juu yake badala ya kuingia.

Ukingoni mwa ngazi hilo limeshatokea. Kuna matundu ya kuingia mkono mahali ambapo mteremko unakatika, na mita kadhaa chini maji hutokea yakiwa na rangi. Maji yanachimba mashimo ndani ya silti na paa linaporomoka baadaye. Nilitembea huko kwa uangalifu.

Upande mwingine wa sarafu ni maji yanayobaki. Matundu ya silti ni membamba ya kushikilia maji yasianguke, na mapana ya mzizi kuyavuta. Sampuli za silinda zimetoa maji asilimia 32 ya ujazo kwenye mvuto wa kilopaskali 33, maji ya ziada yakishatiririka, na asilimia 12 kwenye 1500, pale mmea unaponyauka. Asilimia 20 inayobaki ni ya mmea: milimita 200 kwa kila mita ya kina, na mizizi tumeiona hadi 150. Uzito wa udongo mkavu ni gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo juu, 1.35 kwenye Bt1. Hakuna mahali mzizi unapogongwa.

Wiki ya 8, Jumanne

Nilimtumia mwalimu wangu wa zamani maelezo yote. Simu yake ilikuwa fupi. "Mwanangu, hiyo A2 uliisoma saa ngapi?"

Nikasema jioni.

"Na mboji asilimia moja na nusu. Rudi saa tano asubuhi."

Nimerudi saa tano. Uso mpya wa ukuta, bonge limeloweshwa kwa chupa ya kunyunyizia mpaka rangi ikaacha kubadilika, jua nyuma ya bega. A2 si 4/3. Ni 3/3. Nimeisoma mara nne, mwenzangu mara nne bila kuona zangu. Ni 3/3 zote nane, na ikikauka ni 5/3.

Dakika kumi zile za wiki ya kwanza zilikuwa na uzito kuliko wiki mbili za utando. WRB ina tabaka liitwalo umbriki: jeusi kiasi, namba ya Munsell iliyo kabla ya mkwaju isizidi 3 likiwa bichi na 5 likiwa kavu, lenye mboji, besi chini ya asilimia 50, unene sentimita 20 au zaidi. Besi zetu za juu ni asilimia 38 na 31. Nilipoihesabu A1 peke yake kulikuwa na shaka, kwa sababu mpaka wake una mawimbi: ukuta wa bara ni sentimita 25, ukuta wa bahari 18. Jina lingetegemea umesimama upande gani wa shimo. Sasa weusi unafika 45 kila upande, na hakuna shaka tena.

Na tangu toleo la 2014, katika ufunguo wa WRB, orodha inayosomwa kwa zamu mpaka jina la kwanza linalofaa, Umbrisoli, udongo wenye umbriki, husomwa kabla ya Alisoli na Luvisoli, ndugu yake mwingine mwenye arjiki. Mwaka 2006 zilikuwa nyuma yao. Ukishasimama kwenye umbriki, husogei mbele. Arjiki yangu, na utando wake uliobanduliwa kwa sindano, inakuwa kivumishi kinachoandamana na jina. Ninakiri kwamba iliniuma kidogo.

Kwa Marekani arjiliki inabaki na kiti chake: bila hiyo tusingefika Ultisoli kabisa. Lakini hata huko, hatua inayofuata ni kuuliza mboji. Nimejumlisha kaboni hadi mita moja kwa unene na uzito wa kila tabaka: 6.3, 4.1, 2.1 na 1.9, jumla kilo 14 na zaidi kwa mita ya mraba. Mpaka ni 12. Ni Humulti, Ultisoli yenye mboji nyingi. Jina moja limetoka kwenye mboji na jingine kwenye umbra, kivuli kwa Kilatini. Yote mawili yanaelekeza kidole kwenye sentimita 45 nilizozipita mbio.

Wiki ya 8, Ijumaa

Jina lililoandikwa kwa wino, mpaka atokee wa kulipinga: Umbrisoli yenye alumini nyingi kwenye tabaka la mfinyanzi uliohama, kivumishi Siltiki, yaani yenye silti nyingi, kwa Marekani Humulti, familia ya silti yenye mfinyanzi kati ya asilimia 18 na 35. Familia hiyo inapimwa kwenye sentimita 50 za kwanza za arjiliki, nasi tuna 26, kwa hiyo hakuna mjadala. Ngazi za chini zaidi za jina la Marekani zinahitaji joto na unyevu wa mwaka mzima. Vipima joto viwili vimezikwa kwenye sentimita 50, kimoja ukuta wa bara, kimoja wa bahari, nyaya zikiwa ndani ya bomba ili panya wasizitafune.

"Upepo" bado uko kwa penseli.

Tumefukia shimo leo. Kokoto chini, kisha BC, Bt, AB, weusi juu kabisa, kila rundo kwa zamu yake kama lilivyotoka. Swali la mwenzangu la siku ya kwanza limejibiwa kinyume na alivyohofia: udongo umezidi. Tumekanyaga kila sentimita 20 na bado umevimba shubiri nzima juu ya majani. Kokoto ile ya kwanza haikurudi chini. Yuko nayo mfukoni.